Plastiki Itokayo Shambani

Msomaji mkulima, uwe Keumbu au huko Borabu kwenye skimu zilizofunguliwa miaka ya 1960, bila shaka unakumbuka majuala. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku katika Kenya. Anayeitengeneza, kuiingiza nchini au kuitumia aweza kutozwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kufungwa mwaka 1 hadi miaka 4. Wengi walinung'unika, lakini wewe ufugaye ng'ombe wa gredi wajua faida ya sheria ile. Ng'ombe hachagui chakula chake kama mbuzi. Juala likiwa na chumvi au maganda, hulimeza lote. Halisagiki, wala halipiti. Hujikunja katika tumbo la kwanza pamoja na mengine, mpaka mnyama anafura, maziwa yanapungua, na siku ya kumchinja watu wanatoa donge kubwa la nailoni.

Juala latokana na mafuta ya petroli na gesi ya ardhini, na viumbe wadogo wa udongoni hawawezi kulila. Je, plastiki yaweza kutengenezwa kwa mimea? Yaweza, na kazi yenyewe inaanza na jambo unalolijua nyumbani. Maziwa yakiachwa kwenye kibuyu, vijidudu hula sukari yake na kutoa asidi; ndiyo maana yanakuwa lala. Katika mji wa Blair, Nebraska, Marekani, kiwanda kilifunguliwa mwaka 2002 kufanya vivyo hivyo kwa mahindi. Wanga wa mahindi hugeuzwa sukari, vijidudu hula sukari hiyo na kutoa asidi ile ile ya maziwa lala, kisha asidi inaunganishwa kipande kwa kipande, kama shanga katika uzi mrefu. Shanga hizo ndizo plastiki ya vikombe na vifungashio.

Hospitalini plastiki ya namna hii ina thamani zaidi. Hutengenezwa nyuzi za kushonea kidonda cha ndani na skrubu za kuunga mfupa. Maji ya mwilini huufungua ule mnyororo polepole, nayo asidi inayobaki si ngeni, kwa kuwa misuli yako huitoa wewe mwenyewe ukilima kwa nguvu. Mgonjwa hahitaji kupasuliwa tena ili uzi utolewe.

Lakini usidanganyike na mfanyabiashara akuambiaye kwamba kila plastiki ya mimea huoza upesi. Ile ya mahindi yahitaji lundo la mboji lenye joto la nyuzi 60 hivi. Ukiitupa katika udongo baridi wa milima yetu, itakaa miaka. Na ng'ombe akiimeza, shida ni ile ile.

Ukitaka kujionea, jaribu pamoja na watoto. Changanya kijiko kikubwa 1 cha wanga wa muhogo au wa mahindi, vijiko vikubwa 4 vya maji, kijiko kidogo 1 cha siki na kijiko kidogo 1 cha gliserini ya duka la dawa. Pasha moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha, mpaka uji uwe mzito na wa kung'aa. Tandaza juu ya sahani, uache siku 2. Utapata karatasi laini inayokunjika. Sasa idondoshee maji: inalegea. Hiyo ndiyo kasoro ya plastiki ya wanga, na ndiyo sababu haijafaa kubebea nyama au maziwa.

Kwa mkulima wa ndizi, mimi naona mali iliyo karibu zaidi ni shina la mgomba lenyewe. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha shina hukatwa na kuachwa lioze. Magamba yake yana nyuzi imara. Yabandue, yakwangue juu ya ubao kwa kisu butu mpaka maji na nyama vitoke, kisha anika nyuzi kivulini. Hufaa kamba, vikapu na mifuko, na karatasi pia. Majani nayo ni kifungashio kizuri, ila usiyakate mabichi kabla ya mkungu kukomaa. Ndizi zitakuwa nyembamba. Tena usiyachukue mashina yote, kwa maana shamba lataka matandazo.

Kisu ndicho cha kuangaliwa sana. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba huenea kwa panga linalotoka shina moja hadi jingine, na ukishaingia hauna dawa. Mgomba ambao majani yake yanageuka manjano na kunyauka, au ndizi zake zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, usitoe nyuzi wala majani yake, wala usiyapeleke sokoni. Mwite bwana shamba. Na kabla ya kuhamia mgomba mwingine, pitisha panga motoni mpaka lipate moto sana, au lioshe kwa jiki.