Sarufi Isiyoandikwa: Hati, Makosa na Uandishi wa Viendeshi Huria vya Vidhibiti vya Hifadhi

1.0 Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeelekea zaidi kwenye yale yanayoonekana kiooni: majina ya menyu, vitufe, faili na madirisha. Hali hii inaeleweka. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa kazi ya kutafsiri maneno yanayosomwa na mtumiaji. Hata hivyo, chini ya maneno hayo kuna tabaka la maandishi ambalo mtumiaji halioni kamwe, nalo ndilo linaloamua kama barua aliyoihifadhi jana ataikuta leo. Makala haya yanashughulikia sehemu moja ya tabaka hilo, yaani kiendeshi cha kidhibiti cha hifadhi, na hasa kile kilichoandikwa kwa msimbo huria.

Tunadai kuwa ugumu mkubwa wa kuandika kiendeshi cha namna hii hautokani na ufundi wa kuprogramu bali na upatikanaji wa hati za mtengenezaji. Tunadai pia kwamba hati zinaponyimwa, kinachokosekana kwanza ni maelezo ya makosa, na katika kifaa cha kuhifadhia data hayo ndiyo maelezo yenye thamani kuliko yote. Mwanaisimu hana haja ya kuwa mhandisi ili aupime ukweli wa madai haya. Tatizo lenyewe alikutana nalo siku yake ya kwanza uwandani.

1.1 Kuhusu istilahi

Kidhibiti cha hifadhi ni chipu au kadi inayosimama kati ya kompyuta na diski zake. Kiendeshi ni programu iliyomo katika kiini cha mfumo wa uendeshaji, inayojua namna ya kuzungumza na kidhibiti hicho. Yafaa ieleweke kuwa neno kiendeshi lina utata, kwani hutumika pia kwa kutaja diski yenyewe. Mtu akisema "kiendeshi kimeharibika", fundi mmoja atafungua kasha la kompyuta na mwingine atasakinisha programu upya, na wote wawili watakuwa wamemwelewa. Wapo wanaopendelea kiendeshaji kwa programu na kukiacha kiendeshi kwa kifaa. Pendekezo hilo lina mantiki ya kimofolojia, kwa kuwa kiishio -aji kinadokeza mtenda wa mazoea, ingawa tofauti ya silabi moja ni ulinzi dhaifu dhidi ya mkanganyiko. Kwa maana halisi ya kazi yake, programu hii ingestahili kuitwa mkalimani. Lakini neno likishakaa vinywani mwa mafundi haliondolewi na kamati. Katika makala haya, basi, diski ni kifaa na kiendeshi ni programu tu.

2.0 Sanduku la barua

Mfano wetu wa kwanza ni kadi za SCSI za kampuni ya BusLogic ya Marekani, zilizojulikana kama MultiMaster. Kiendeshi chake cha Linux kiliandikwa na Leonard Zubkoff kuanzia mwaka 1995, na msimbo wake chanzo unaweza kusomwa na yeyote hadi leo.

Mazungumzo kati ya kiendeshi na kadi hii hufanyika kwa njia ambayo waandishi wenyewe waliiita sanduku la barua. Kiendeshi hutenga sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta na kuigawa katika masanduku ya barua zitokazo na masanduku ya barua ziingiazo. Kinapotaka kusoma au kuandika diskini, huandaa waraka mfupi unaoeleza kazi, huweka anwani ya waraka huo katika sanduku la kutokea pamoja na namba 1, maana yake "anza", kisha huiarifu kadi kwamba kuna barua. Kadi huuchukua waraka, huitekeleza kazi bila kuisumbua prosesa, hurudisha anwani ileile katika sanduku la kuingilia, kisha hukatiza shughuli za prosesa ili jibu lisomwe. Jibu nalo ni namba: 1 ikiwa kazi imekamilika salama, 2 ikiwa imesitishwa kwa ombi la kompyuta, 3 ikiwa kazi iliyotakiwa kusitishwa haikuonekana, na 4 ikiwa imekwisha kwa kosa.

Tumeyaeleza haya kirefu kwa sababu yanaonyesha jinsi msamiati wa kidhibiti ulivyo mdogo na wakati huohuo usivyokisika. Hakuna kitu katika namba 3 kinachomdokezea msomaji maana yake. Uhusiano wa kiashiria na kiashiriwa hapa ni wa nasibu kwa kiwango ambacho lugha za wanadamu hazikifikii, maana angalau sisi tuna tanakali za sauti. Aidha, homonimu zimo. Rejista ya kwanza ya kadi hii ina anwani moja yenye maana mbili: ikisomwa hutoa hali ya kadi, na ikiandikwa huwa ni amri kwa kadi, ikiwamo amri ya kuianzisha upya. Asiye na hati hawezi kuligundua hilo kwa kutafakari.

3.0 Kadi isiyo na ubongo

BusLogic walikuwa na jamii nyingine ya kadi, FlashPoint, iliyouzwa kwa bei nafuu zaidi. Unafuu huo ulipatikana kwa kuiondolea kadi prosesa yake ndogo. Kazi ambayo katika MultiMaster ilifanywa ndani ya kadi, yaani kufuatilia hatua kwa hatua mazungumzo ya SCSI na kila diski, sasa ilibidi ifanywe na kompyuta yenyewe kwa programu maalumu ya kampuni. Kwa muda hati zake hazikutolewa. Mwaka 1996 kampuni ilianzisha mpango wa kuwawezesha watumiaji wa Linux waliokwisha kununua FlashPoint kuibadilisha kwa MultiMaster. Kwa maneno mengine, ilionekana rahisi zaidi kubadilisha chuma kuliko kutoa maandishi.

Kabla ya mwaka huo kwisha msimamo ulibadilika. Mylex, waliokuwa wameinunua BusLogic, waliruhusu msimbo wa programu ile utolewe chini ya leseni huria. Zubkoff alipokea faili 16, akaziunganisha kuwa faili moja na kuitia katika kiini cha Linux kwa marekebisho machache. Anayelinganisha faili hiyo na ile aliyoitunga mwenyewe ataona mara moja kwamba ni mikono miwili tofauti: moja inaeleza nia ya kila hatua kwa sentensi kamili, nyingine imejaa vifupisho vya ndani ya kampuni. Hata hivyo ile ya pili ilitosha. Matini mabaya yaliyopo yana manufaa kuliko matini mazuri yaliyofungiwa kabatini.

4.0 Kukusanya data bila msemaji

Hati zikikosekana kabisa, mwandishi wa kiendeshi huria hubaki na njia moja. Huiweka kadi katika kompyuta yenye kiendeshi kilichofungwa cha mtengenezaji, huandika orodha ya kila namba inayotumwa kwenye rejista na kila namba inayorudi, kisha hutafuta ruwaza. Hapa mwanaisimu yuko nyumbani. Hiyo ni kongoo, na anayeichambua anajaribu kuitambua sarufi kutokana na matamko aliyoyarekodi.

Kongoo ina upungufu unaojulikana: haina sentensi zenye kinyota. Inatuonyesha yaliyosemwa, wala haituambii yasiyoweza kusemwa. Mtafiti wa sintaksia huiziba pengo hiyo kwa kumwuliza mzawa, "Je, mtu anaweza kusema hivi?" Mwandishi wa kiendeshi hana wa kumwuliza isipokuwa kadi yenyewe, na swali baya kwa kadi ya hifadhi laweza kuwa ndilo la mwisho. Kadi ya mtandao ikikosewa, ujumbe hupotea na hutumwa tena. Kidhibiti cha hifadhi huandika moja kwa moja katika kumbukumbu ya kompyuta na katika diski. Kikipewa anwani isiyo sahihi, kitaandika palepale kilipoambiwa.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa upande wa makosa. Katika maabara diski ni nzima, nyaya ni imara na umeme haukatiki. Kongoo itakayopatikana itajaa jibu la "salama", huku majibu ya kushindwa yakionekana mara chache au yasionekane kabisa. Kiendeshi kitakachoandikwa kutokana na kongoo hiyo kitafanya kazi vizuri kwa muda wote ambao hakuna anayekihitaji sana.

Hata jibu la "salama" lina utata. Vidhibiti vingi vina kumbukumbu ya kupokelea data kabla haijafika diskini. Kadi inapojibu kwamba kazi imekwisha, je, inasema imeipokea data, au imekwisha kuiandika mahali ambapo kukatika kwa umeme hakutaifuta? Kiswahili kinaweza kuitenga maana ya pili kwa -mekwisha. Namba 1 haiwezi. Kiendeshi kinachochukua maana ya kwanza kuwa ndiyo ya pili kitauhakikishia mfumo wa faili jambo ambalo si kweli, na kosa halitajulikana mpaka siku ambayo halirekebishiki.

5.0 Mgogoro wa mwaka 2005

Kwamba jambo hili si la nadharia tupu kulidhihirika mwaka 2005, pale mradi wa OpenBSD, ukiongozwa na Theo de Raadt, ulipokiondoa kiendeshi cha kadi za RAID za Adaptec, aac, katika kiini chake cha kawaida. Msomaji asiye na habari za suala hili angeshangaa, kwani kiendeshi kilikuwepo na kilisoma na kuandika diski. Kilichokosekana ni usimamizi.

RAID ni mpango wa kuzifanya diski kadhaa zionekane kama moja, ili mojawapo ikifa nyingine zibebe mzigo wake. Uzuri wa mpango huu ndio hatari yake. Diski ikifa, kompyuta huendelea na kazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Asipopatikana wa kutoa taarifa, diski ya pili itakufa siku yake nayo, na mara nyingi hapo data yote hupotea. Amri za kuuliza hali ya kila diski, kuzima king'ora na kuijenga upya safu hazikuwa wazi kwa waandishi wa OpenBSD. Walieleza kwamba walikuwa wameziomba hati kwa muda mrefu bila kupewa. Kampuni ilikuwa na programu yake ya usimamizi, lakini ilitolewa bila msimbo chanzo, jambo ambalo mradi huo haukulikubali.

Sababu ambazo watengenezaji kwa jumla huzitoa katika hali kama hizi ni mbili: kwamba hati zina siri za biashara, na kwamba hati zinazofaa kusomwa na watu wa nje hazipo. Kwa maoni yetu sababu ya pili ina ukweli zaidi ya ya kwanza. Ujuzi mwingi wa kifaa hukaa katika vichwa vya wahandisi wachache na katika msimbo wao, kama vile sarufi ya lugha isiyoandikwa inavyokaa kwa wazee. Hiyo ni hoja ya kuandika, si ya kunyamaza.

OpenBSD hawakuishia kuondoa tu. Toleo la 3.8, la Novemba 2005, lilikuja na chombo kiitwacho bioctl, kilichoanza kwa kadi za MegaRAID kupitia kiendeshi cha ami, ili msimamizi aulize hali ya diski kwa amri moja bila kujali aina ya kadi.

6.0 Lugha sanifu na lahaja zake

Tangu hapo sehemu kubwa ya uwanja huu imesanifishwa. Maelezo ya AHCI, yaliyotolewa na Intel mwaka 2004, yaliwezesha kiendeshi kimoja kuhudumia vidhibiti vya watengenezaji wengi. NVMe ilifuata: maelezo yake ya kwanza yalitoka Machi 2011, na kiendeshi chake kikaingia katika Linux 3.3 ya Machi 2012. Yale masanduku ya barua bado yamo, yakiwa sasa foleni za maombi na foleni za majibu, na kugonga kengele mlangoni kumekuwa ndilo jina rasmi la kuiarifu diski. AHCI ilikuwa na foleni moja ya amri 32 kwa kila mlango. NVMe huruhusu foleni 65,535.

Usanifishaji haukuziua lahaja. Ndani ya kiendeshi cha NVMe kuna jedwali la vifaa vinavyoijua lugha sanifu lakini vina matamshi yao: kimoja huhitaji kusubiriwa kidogo kabla hakijaulizwa kama kiko tayari, kingine hudai kina uwezo ambao hakiumudu. Jedwali hilo huongezwa na watu waliopatwa na kasoro, mstari mmoja baada ya mwingine. Ni kamusi ya makosa, na inaandikika kwa sababu tu matini yako wazi.

7.0 Baada ya mwandishi

Zubkoff alifariki mwaka 2002 katika ajali ya helikopta huko Alaska. Mbali na kiendeshi cha BusLogic, alikuwa ameacha kingine, DAC960, cha kadi za RAID za Mylex. Mwaka 2018 Hannes Reinecke alikiandika upya kwa kukigawa katika viendeshi viwili, myrb na myrs, kwa kuwa kadi hizo zilikuwa na vizazi viwili vya amri visivyofanana. Ujuzi wa amri hizo ulikuwa umo katika msimbo wa marehemu. Kile cha BusLogic nacho kilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, ilipobidi kuondolewa njia ya zamani ya kukokotoa anwani za kumbukumbu. Kadi zenyewe ni vigumu kuziona siku hizi, lakini masanduku yale ya barua yanaigizwa na programu za kompyuta bandia, na kiendeshi bado kinayafungua kwa namba zilezile nne.