Tuanzie Mwishoni: Mbinu ya Kujifunza Sataranji

Wanafunzi wengi wa sataranji, yaani chesi, hukariri hatua za ufunguzi, kisha hushindwa kuumaliza mchezo hata pale wanapomzidi mpinzani. José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishauri kinyume: mwisho wa mchezo usomwe kwanza. Kete zikiwa chache, uwezo wa kila moja hudhihirika.

Tuchukue mfano. Mfalme mweupe yuko e6, kitunda (askari) chake e5, na mfalme mweusi e8. Zamu iwe ya yeyote, kitunda kitafika ukingoni na kuwa malkia, kwa kuwa mfalme amekitangulia. Lakini kitunda kikitangulia e6 na mfalme akabaki e5, mweusi akijihami barabara atapata sare.

Basi, katika wiki ya kwanza, wanafunzi wacheze hali hizo mbili wawili wawili, wakibadilishana rangi. Katika wiki ya pili, kila mmoja alete mchezo alioshindwa, ukiwa umeandikwa hatua kwa hatua, na atafute kosa lake kabla ya kumwuliza mwalimu au kompyuta. Kama ilivyo katika sarufi, mwenye kanuni hutunga. Aliyekariri hurudia tu.