Anapita kwa kipimo gani? Sarufi ya kulinganisha washambuliaji

Katika mabishano ya mpira hapa Kolwezi husikika sentensi ya aina hii: "Mputu iko muzuri kupita Samatta." Kiswahili sanifu kingesema: "Mputu ni hodari kuliko Samatta." Sina nia ya kusahihisha sentensi ya kwanza, ina sarufi yake, na wasemaji wake wanaelewana. Nauliza tu: sentensi zote mbili zinakosa nini?

"Kupita" ni kitenzi cha mwendo: mmoja ametangulia, mwingine ameachwa nyuma. "Kuliko" ina asili ya mahali. Zote zinataka watu wawili na sifa moja. Hazidai kipimo wala muda. Ndiyo maana wabishani wawili wanaweza kusema kweli wote na bado wasipatane.

Tuzijaribu kwa miaka ya kilele ya wachezaji watatu.

Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mechi 6 za Kombe la Afrika la mwaka 1974 nchini Misri. Manne kati yake aliwafunga Zambia katika fainali na marudiano yake. Kilele chake kilikuwa kifupi na kirefu kwa wakati mmoja: kifupi kwa siku, kirefu kwa magoli.

Mbwana Samatta, Mtanzania wa TP Mazembe, alifunga magoli 7 katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya mwaka 2015, na klabu ikatwaa kombe. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani.

Trésor Mputu alipata tuzo kama hiyo kwa mwaka 2009, Mazembe ilipotwaa kombe hilo. Mwaka 2010 FIFA ilimfungia, na Mazembe ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi bila yeye. Hapa sarufi inatusaidia. "Hakucheza" si "hakuweza". Anayehesabu mechi za Abu Dhabi peke yake anageuza tendo la kwanza kuwa la pili, na kumdhulumu mtu kwa kitenzi.

Sisi wa huku tunaijua tofauti hii kwa shaba. Jiwe dogo linaweza kuwa na shaba nyingi kwa asilimia. Marundo ya mabaki ya Kingamyambo yana asilimia ndogo, lakini ni mengi mno, hata yakarudiwa kusafishwa. Kipi kinapita kingine? Kwa asilimia, jiwe. Kwa jumla, rundo.

Basi kanuni ninayopendekeza ni hii: kila "kupita" au "kuliko" ifuatwe na "kwa" ya kipimo na "katika" ya muda. Mfano: "Ndaye anampita Samatta kwa magoli katika shindano moja." Sentensi hiyo inaweza kuhakikiwa. Ile ya mwanzo inaweza kupigiwa kelele tu.

Zoezi: Kamilisha sentensi hizi, kisha mwombe mwenzako azipinge.
1. Mputu anampita Samatta kwa … katika …
2. Samatta ni hodari kuliko Mputu kwa … katika …

Mkigundua kwamba zote mbili zinaweza kuwa kweli, somo limeeleweka.