Maji ya mashine ya kufulia yanapomwagikia jirani

Swali: Kwa nini mashine ya kufulia hufurika mtu akiwa hayupo, na nini kifanyike?

Jibu: Mpira wa kuingiza maji hubeba shinikizo muda wote mfereji ukiwa wazi, hata mashine ikiwa imezimwa. Katika maghorofa ya Thika na Ruiru, ambako maji mara nyingi huja kwa mgao, hatari huongezeka: mfereji uliofunguliwa ukiwa mkavu husahaulika, maji yanarudi usiku kwa kishindo na mpira uliochakaa unapasuka. Kinga kubwa, na haigharimu hata shilingi, ni kufunga mfereji kila baada ya kufua. Mpira uliotuna, wenye nyufa au kutu kwenye nati ubadilishwe mara moja. Ule wa kutolea maji machafu ufungwe imara, usije ukachomoka kwenye sinki.

 

Maji yakishamwagika, umeme huzimwa kwanza kwenye swichi kuu. Ikiwa njia ya kuifikia imelowa, isiguswe. Aitwe fundi wa umeme. Ndipo mfereji ufungwe, jirani wa chini aarifiwe, picha zipigwe, magodoro na mazulia yainuliwe. Madirisha yafunguliwe siku hiyohiyo, kwani ukungu huweza kuanza ndani ya saa 48, na baridi ya Julai huchelewesha kukauka. Mashine iliyolowa isichomekwe kabla fundi hajaikagua.