Vita vya Kunakili Simu: Nani Hulipa Mwishowe?

SOMO LA WIKI

Mfanyabiashara wa Misima anayefuata simu Korogwe, Tanga mjini au Kariakoo hukutana na jaribu moja kila safari. Mbele yake kuna simu mbili zinazofanana rangi, kioo na boksi, lakini moja ni nafuu kwa theluthi nzima. Muuzaji wa jumla humpa maneno matatu ya kumtuliza: kwamba kampuni kubwa zenyewe hunakiliana, kwamba kesi za Marekani hazimhusu mtu wa Handeni, na kwamba simu ile "ni ile ile".

Maneno mawili ya kwanza yana ukweli ndani yake. La tatu ni uongo, na ndilo linalomaliza mitaji. Somo la wiki hii linayapitia yote matatu, ili mwenye meza ya simu na mwenye akiba ndogo ajue hasara hukaa wapi.

Haki tatu ndani ya simu moja

Kwanza ni hataza. Hii ni haki anayopewa mbunifu ya kuwazuia wengine kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini kitu alichobuni, kwa muda uliowekwa na sheria. Hataza hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Simu moja ya kupangusa hubeba hataza nyingi mno, na nyingi si za kampuni ambayo jina lake limeandikwa mgongoni.

Pili ni umbo la bidhaa, yaani sura yake ya nje: mviringo wa pembe, mpangilio wa picha ndogo kwenye kioo, na mengineyo. Tatu ni alama ya biashara, yaani jina na nembo vinavyomwambia mlaji bidhaa imetoka kwa nani.

Mfano wa karibu ni mashine ya nafaka. Mtu akibuni namna mpya ya kukoboa mahindi bila kupoteza kiini, hapo pana hataza. Akiipa mashine yake sura ya pekee, hilo ni umbo. Jina analochapa kwenye mfuko wa sembe ndilo alama. Jirani anayejifunza biashara ya sembe kwa kumtazama hajavunja sheria. Jirani anayechapa jina la mwenzake kwenye mifuko yake ameghushi.

Kwa Tanzania Bara hataza na alama husajiliwa BRELA, chini ya Sheria ya Hataza ya 1987 na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Zanzibar ina msajili wake, BPRA. Jambo la kushika ni kwamba hataza na alama hufuata mipaka ya nchi. Hataza iliyosajiliwa Marekani peke yake haina nguvu Handeni. Ndiyo maana neno la pili la muuzaji wa jumla lina ukweli: hukumu ya California haimfungi mtu wa Misima.

Apple na Samsung: miaka saba mahakamani

Tarehe 15 Aprili 2011 Apple ilifungua kesi California ikidai kwamba Samsung imenakili simu ya iPhone. Madai yaligusa umbo, yaani uso wa simu wenye pembe za mviringo na mpangilio wa picha kwenye kioo, pamoja na hataza za namna kioo kinavyoitikia kidole. Mojawapo ilihusu ukurasa unaorudi nyuma kidogo mtumiaji anapofika mwisho wake.

Agosti 2012 baraza la wazee wa mahakama liliipa Apple fidia ya zaidi ya dola bilioni 1. Siku hizo hizo mahakama ya Seoul, Korea Kusini, iliona kwamba kila upande umevunja hataza za mwenzake. Mwezi mmoja kabla, mahakama ya London ilikuwa imeamua kwamba kompyuta bapa za Samsung hazikunakili umbo lililosajiliwa na Apple. Wagomvi walikuwa wale wale, lakini kila nchi ilikuja na jibu lake.

Kesi ya Marekani ikaendelea. Desemba 2016 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba aliyenakili umbo si lazima alipe faida ya simu nzima, kwa kuwa umbo laweza kuwa la sehemu tu ya bidhaa. Mei 2018 baraza jipya lilipanga fidia ya dola milioni 539. Mwezi uliofuata kampuni hizo zikapatana, na masharti ya mapatano hayakutangazwa.

Wafanyabiashara wazingatie jambo moja. Wakati kesi hiyo inaanza, Samsung ilikuwa ikiiuzia Apple vipuri muhimu vya iPhone ile ile iliyobishaniwa, na biashara hiyo haikusimama. Kwa wakubwa, kesi ya hataza ni sehemu ya majadiliano ya bei. Huanza kwa mashtaka, hupita kwa mawakili, na mara nyingi huishia kwenye mkataba wa malipo.

Nokia: simu ziliuzwa, hataza zikabaki

Oktoba 2009 Nokia iliishtaki Apple kwa madai kwamba iPhone inatumia hataza zake bila malipo. Juni 2011 wakapatana, na Apple ikakubali kulipa. Ugomvi ukazuka upya Desemba 2016, ukamalizwa Mei 2017. Hesabu za Nokia za mwaka huo zilionyesha kwamba ilipokea malipo ya mkupuo ya euro bilioni 1.7.

Wakati huo Nokia haikuwa tena mtengenezaji wa simu. Biashara hiyo ilikuwa imekabidhiwa Microsoft Aprili 2014, lakini hataza nyingi Nokia ilibaki nazo. Ni kama mwenye shamba aliyeuza mazao yote na kubaki na chemchemi: kila anayemwagilia hulipa.

Chemchemi hiyo huwa na nguvu zaidi pale hataza inapohusu kanuni za mawasiliano zenyewe. Simu haiwezi kushika mtandao bila kuzitumia. Wenye hataza za namna hiyo huahidi kuwaruhusu wengine kwa masharti ya haki, na mabishano huwa ni juu ya kiasi gani ni haki. Malipo hayo humfikia mlaji yakiwa ndani ya bei, hata ya simu inayouzwa Misima.

Majina yanayouzwa huku

Msomaji asidhani mambo hayo ni ya iPhone pekee. Tecno, itel na Infinix, majina yaliyojaa katika maduka ya Afrika Mashariki, yote ni ya kampuni moja ya China, Transsion. Septemba 2019, kampuni hiyo ikiwa inaingiza hisa zake katika soko la Shanghai, Huawei iliifungulia mashtaka Shenzhen ikidai kwamba picha ya mapambo ya kioo cha simu zake imetumiwa bila idhini. Julai 2024 kampuni ya Marekani ya Qualcomm iliishtaki Transsion mjini Delhi, India, kuhusu hataza.

Kushtakiwa si kupatikana na hatia. Lakini mashtaka ya namna hiyo yanaonyesha kwamba kampuni ya simu za bei nafuu inapokua, wenye hataza huja kugonga mlango. Ikilazimika kulipa, ama faida yake hupungua ama bei ya simu hupanda. Kwa hiyo neno la kwanza la muuzaji wa jumla lina ukweli pia: wakubwa hushtakiana kila mara kwa kunakiliana. Kosa ni kuitumia hoja hiyo kuuzia simu bandia.

Kunakili si kughushi

Tecno inayofanana na simu ya kampuni nyingine bado ni Tecno. Ina mtengenezaji anayejulikana, dhamana, na namba tambulishi halali ya tarakimu 15, yaani IMEI. Simu bandia hudanganya juu ya asili yake. Hubeba jina la mwingine, na mara nyingi IMEI yake ni ya kubuni au imerudiwa katika simu nyingi.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Afrika Mashariki. Kenya ilizizima simu bandia mwisho wa Septemba 2012, na takriban milioni 1.5 zilikatwa kwenye mitandao. Tanzania ilifuata. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya 2010, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilianzisha rejesta ya namba tambulishi, ikawatangazia wananchi wahakiki simu zao kwa kubonyeza *#06#, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zisizokidhi zikazimwa.

Mtambo ule haukuuliza nani alibuni kioo au nani alimwiga nani. Uliuliza namba. Simu iliyodaiwa kuvunja hataza California iliendelea kuita, na iliyoghushiwa ikanyamaza mfukoni mwa mkulima aliyeinunua kwa fedha za mahindi. Mkulima huyo hakwenda Shenzhen kudai. Alirudi kwa aliyemuuzia.

Zaidi ya TCRA ipo Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Wakaguzi wake wana mamlaka ya kukamata bidhaa zenye alama za kughushi, ziwe ghalani au dukani. Chaja, betri na spika za masikioni zenye jina la kampuni ambayo haikuzitengeneza zinahesabiwa humo humo. Kava lisilo na nembo ya mtu halina shida hiyo.

Hesabu ya mezani

Chukua mfano wa muuzaji anayenunua simu 20 halali kwa Sh 120,000 kila moja na kuziuza kwa Sh 140,000. Mtaji ni Sh 2,400,000 na faida ghafi ni Sh 400,000.

Mwenzake ananunua bandia 20 kwa Sh 80,000 na kuziuza kwa bei ile ile ya Sh 140,000. Mtaji ni Sh 1,600,000, na kwenye daftari faida inasomeka Sh 1,200,000, mara tatu ya mwenzake.

Sasa wateja 9 kati ya 20 warudi na simu zilizozimika au zilizokufa. Kuwarudishia fedha ni Sh 1,260,000. Faida yote imekwisha, na ameingia hasara ya Sh 60,000 kabla ya nauli na kodi ya fremu. Mzigo ukikamatwa kabla ya kuuzwa, Sh 1,600,000 zote zimepotea. Na mahali kama Misima, ambako muuzaji na mnunuzi hukutana gulioni na msibani, kukataa kurudisha fedha si njia ya kuokoa biashara.

Apple na Samsung zilibishana miaka saba na kila moja ikabaki na kiwanda, wateja na mawakili. Muuza simu mdogo hana mapatano ya kwenda kufanya. Mtaji wake wote umo ndani ya boksi.

Mwongozo kwa mnunuzi wa jumla

1. Linganisha IMEI mahali patatu: kwenye boksi, kwenye simu yenyewe, na kwenye kioo baada ya kubonyeza *#06#. Zote zifanane. Fanya hivyo kwa kila simu, si kwa sampuli moja ya juu.

2. Dai risiti ya EFD yenye jina la muuzaji na aina ya bidhaa. Ndiyo ushahidi wa kwanza kwamba ulinunua kwa nia njema, na ndiyo njia ya kumrudia aliyekuuzia.

3. Soma jina herufi kwa herufi. Zama za Nokia kutawala ziliwahi kuzaa "Nokla", na mbinu hiyo haijafa.

4. Simu ya mtumba iuzwe kama mtumba. Kuirudisha kwenye boksi jipya ni kuanza kughushi wewe mwenyewe.

5. Mwenye chapa yake, iwe ya kava au ya sembe, aisajili BRELA mapema, na Zanzibar kivyake akiuza huko.

Kwa mwenye akiba ndogo

Anayefikiria kununua hisa za kampuni yoyote, iwe katika Soko la Hisa la Dar es Salaam au nje, asiishie kwenye ukurasa wa faida. Waraka wa matarajio na ripoti ya mwaka huwa na sehemu inayoeleza kesi na madeni yanayoweza kujitokeza. Aulize: kampuni inamiliki ubunifu wake, au inakodi wa wengine? Mkataba wa kukodi ukibadilika, faida itabaki kiasi gani? Mfano wa Nokia unaonyesha kwamba mali isiyoshikika yaweza kuishi baada ya biashara iliyoizaa kuuzwa. Mfano wa Transsion unaonyesha kwamba mashtaka yanaweza kufika siku zile zile hisa zinapoingia sokoni.

Maswali ya kujipima

1. Kati ya hataza, umbo na alama, ni ipi inayoweza kumfikia muuzaji wa rejareja kwa haraka zaidi, na kwa nini?

2. Kwa nini mahakama za London, Seoul na California zilitoa majibu tofauti katika ugomvi wa wale wale?

3. Katika hesabu ya hapo juu, wateja wakirudi 8 badala ya 9, muuzaji wa bandia anabaki na kiasi gani? Je, kinalipa safari ya Kariakoo?