Betri ya Gari Iliyozeeka: Kuchaji au Kubadilisha?

Msimu wa korosho unapowadia Nachingwea na Ruangwa, magari mengi yaliyokaa bila kutembea tangu masika hutakiwa ghafla kubeba magunia kwenda maghalani. Ndipo mwenye gari hugeuza ufunguo, starta ikaguna na kunyamaza. Jibu analopewa mara nyingi ni moja: "Betri imekufa, nunua nyingine." Huenda likawa la kweli, huenda pia likampotezea mlaji fedha alizoziweka kwa ajili ya shamba. Tunamshauri apime kwanza, ndipo aamue.

Kuishiwa chaji si kufa

Betri isiyotumika hupoteza chaji polepole. Ikiachwa tupu kwa muda mrefu, salfeti ya risasi hugandamana kwenye sahani zake na chaji mpya hushindwa kuingia. Joto nalo huharakisha uchakavu. Kwa kawaida betri hudumu miaka 3 hadi 5; katika joto kama la mkoa wa Lindi, tusishangae ikichoka mapema.

Hatua za kupima

1. Tazama betri. Ikiwa imevimba, imepasuka au inavuja, usiichaji, ibadilishe. Ikiwa vichwa vyake vina ukungu mweupe au wa kijani, visafishwe na vikazwe, kwani tatizo laweza kuishia hapo.

2. Pima volti asubuhi, gari likiwa limezimwa usiku kucha. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.4 ni takriban robo tatu; 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 ni karibu tupu. Betri tupu isihukumiwe kabla ya kuchajiwa.

3. Ichajiwe polepole hadi ijae, ipumzishwe usiku mmoja, kisha ipimwe tena. Ikibaki karibu volti 12.6, imehifadhi chaji. Ikirudi kwenye 10.5 hivi, yaelekea seli moja kati ya sita imekufa, na kuchaji hakutaiponya.

4. Pima wakati wa kuwasha gari. Betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6, nguvu zake zimekwisha.

5. Pima injini ikiunguruma. Kwa kawaida volti huwa kati ya 13.7 na 14.7. Zikiwa pungufu, chunguza alteneta na mkanda wake, maana hata betri mpya itaishiwa vilevile.

Tahadhari

Betri inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Sigara na cheche zikae mbali. Asidi huunguza macho na ngozi. Betri yenye vifuniko vya kufungua iongezwe maji yaliyokenekwa tu, si asidi wala maji ya kisima. Unapoifungua kwenye gari, anza na waya wa hasi.

Ukilazimika kununua

Mwombe fundi apime betri ya zamani mbele yako. Kwa ile mpya, soma tarehe ya kutengenezwa, dai risiti, na uandikiwe muda na masharti ya dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aliyepotoshwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani, na risiti ndiyo ushahidi wake. Betri ya zamani isitupwe shambani wala karibu na kisima: risasi yake ni sumu.

Zoezi

Pikapu imekaa miezi mitatu. Betri inasoma volti 11.8. Baada ya kuchajiwa na kupumzishwa inasoma 12.6, na wakati wa kuwasha inashuka hadi 10.4. Injini ikiunguruma, mita inaonyesha 12.5. Je, tununue betri?

*Jibu:* La. Betri imehifadhi chaji na ina nguvu ya kuwasha gari. Alteneta ndiyo haiichaji. Fedha iende kwenye matengenezo hayo kwanza.