SOMO LA MWEZI: Presha, Mishipa na Namna ya Kusimama



Katika ziara zetu tulikutana na nyanya mmoja aliyeacha dawa za presha. Kila akiamka, kizunguzungu kinamshika, na siku moja alianguka karibu na jiko. "Hizi dawa zitaniua," akasema. Tujifunze kilichompata, maana wenzake ni wengi.

Kwa nini kizunguzungu?

Mishipa inayotoa damu moyoni ni kama mpira wa kunyunyizia shamba maji. Ukiwa mpya unanyumbuka. Ukikaa juani miaka mingi, unakauka. Uzee na presha ya muda mrefu hufanya mishipa kuwa migumu vivyo hivyo.

Mtu akisimama, damu kama nusu lita au zaidi hushukia tumboni na miguuni. Katika mishipa ya shingo kuna mahali panapohisi badiliko hilo, na mwili ukaharakisha moyo na kubana mishipa. Lakini mshipa mgumu hauhisi upesi, kwa hiyo kichwa kinakosa damu kidogo. Baadhi ya dawa, na kukosa maji mwilini, huzidisha hali hiyo.

Tufanye nini?

1. Ukiamka, keti kwanza kitandani ukichezesha miguu, muda wa Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu. Halafu simama ukishika kitu.

2. Usiache dawa kivyako. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi. Mwambie nesi au daktari akupime ukiwa umelala, kisha umesimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi ndani ya dakika 3, aangalie upya dawa zako.

3. Siku ya kupimwa, pumzika kitini dakika 5. Egemeza mgongo, miguu yote chini, usikunje nne. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo, na usiongee. Mkono ukining'inia, kipimo chaweza kupanda hata kwa 10, na mtu wa 134 akasomeka 144.

Nyanya yule alirudi kliniki, akabadilishiwa dawa. Siku hizi anasali kwanza, ndipo anasimama.

Ya kujadiliana kikundini

- Ni nani kati yetu ameacha dawa, na kwa nini?
- Mhudumu wa afya akija kutupima, tuna meza na kiti cha kuegemea?
- Nani atamtembelea mzee anayeishi peke yake?